Mawaziri kumvua rais madaraka kwa kura ya usiku mmoja: inawezekana kweli?

Swali: "Shikamoo wakili. Mimi ni fundi pikipiki hapa Chuno, Mtwara. Jioni tukifunga kazi huwa tunaangalia ile tamthilia ya 24, ya Jack Bauer. Tumefika msimu wa pili, saa ile ya kumi alfajiri. Makamu wa rais anawakusanya mawaziri kwa video, wanampigia kura Rais Palmer, na kabla saa haijaisha ameshavuliwa madaraka na amewekwa chini ya ulinzi. Kijiweni tukagawanyika. Wengi walishangilia. Wanasema rais anayesita kumpiga adui wakati bomu la nyuklia limeshalipuka hafai, na sisi tunaopakana na Msumbiji tunajua kusita kunagharimu nini. Mimi nikasema yale ni mapinduzi. Je, hiyo sheria ipo kweli Marekani au wameitunga? Na hapa kwetu mawaziri wanaweza kufanya hivyo? Ila tafadhali usituambie mwisho, tumebakiza saa tatu."

Marahaba, mdogo wangu. Mwisho sitausema, na kwa wengine watakaosoma hapa nitaeleza hadithi mpaka pale mlipofika tu.

Jibu la haraka kwanza, mpate la kubishania kesho. Sheria ipo, haikutungwa. Mlichokiona kwenye skrini ni robo yake. Robo tatu zilizobaki zimeondolewa kwa sababu haziingii ndani ya saa moja. Na hapa kwetu mlango wa namna hiyo upo, ila unapitia kwa Jaji Mkuu na kwa madaktari, na hauwezi kufunguliwa kwa sababu walizozitoa wale mawaziri.

Sasa kwa wasioijua tamthilia. Kila msimu wa 24 ni siku moja, kila kipindi ni saa moja ya siku hiyo, na saa ya kidijitali inalia mbele ya macho yako kila mara. Msimu wa pili ulirushwa Marekani kati ya Oktoba 2002 na Mei 2003. Magaidi wameingiza bomu la nyuklia Los Angeles. Linapatikana, linapelekwa jangwani kwa ndege na kulipukia huko. Hapo inajitokeza sauti iliyorekodiwa Kupro, inayodai kwamba wakubwa wa nchi tatu za Mashariki ya Kati walihusika. Ndege za kivita zinaandaliwa. Jack Bauer, ofisa wa kupambana na ugaidi, anasema sauti ile imeghushiwa. Rais David Palmer anaomba muda ihakikiwe kabla watu hawajauawa kwa ajili yake. Makamu wake, Jim Prescott, anaona huo ni udhaifu, na ndipo anapowaita mawaziri.

Nianze na sheria yenyewe. Ni Marekebisho ya 25 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa Februari 1967, na kinachotumika katika kipindi kile ni kifungu chake cha nne. Kinasema hivi: makamu wa rais pamoja na wingi wa wakuu wa wizara wanaweza kuandika kwamba rais hawezi kutekeleza mamlaka na majukumu ya ofisi yake. Wizara zao ni 15, kwa hiyo wanatakiwa mawaziri 8 na makamu mwenyewe. Makamu asipokubali, hata mawaziri wote 15 wakiungana hawana kitu. Maandishi hayo yanapelekwa kwa viongozi wawili wa Kongresi, yaani Spika wa Baraza la Wawakilishi na yule anayeitwa Rais wa muda wa Seneti. Yakifika, makamu anakuwa kaimu rais papo hapo.

Mpaka hapo tamthilia haijadanganya. Kasi ile ya mwanzo imo kwenye sheria, tena iliwekwa makusudi.

Ila kifungu hakiishii hapo. Rais naye ana kalamu. Anaruhusiwa kuwaandikia viongozi walewale wawili kwamba hana tatizo lolote. Akishaandika, anarudishiwa madaraka yake, isipokuwa makamu na mawaziri wakiandika mara ya pili ndani ya siku 4 kwamba wanashikilia msimamo wao. Wakishikilia, uamuzi unatoka mikononi mwao kabisa na kuhamia kwenye Kongresi. Kama haiko kikaoni inakutana ndani ya saa 48, na ina siku 21 za kuamua. Ili rais aendelee kukaa pembeni zinatakiwa theluthi mbili za kura katika Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili katika Seneti. Zikipungua hata kwenye baraza moja, au siku 21 zikipita bila uamuzi, rais anarudi kazini kwake.

Fikirini Palmer alivyokaa pale mezani, mawaziri wakimtazama kutoka kwenye skrini. Katika sheria halisi, kura ile ingekuwa mwanzo wa shughuli. Angeomba karatasi, angeandika sentensi mbili, na kesho yake nchi nzima ingekuwa inasikiliza wabunge wakibishana hadharani kama rais wao ni mzima au la. Hadi mwisho wa mvutano huo angebaki na cheo cha urais, huku makamu akiwa kaimu tu. Na ule ulinzi aliowekewa hauna msingi wowote katika kifungu hicho. Hakuna neno hata moja linaloruhusu rais aliyewekwa pembeni azuiliwe chumbani au anyang'anywe simu. Hapo ndipo ninapokuunga mkono wewe fundi dhidi ya wenzako: kura ya mawaziri ni sheria, kumfungia mtu mlango baada ya kura ni jambo lingine.

Lakini ubishi wa muda na karatasi ni mdogo ukilinganisha na huu unaofuata, na naomba muupe nafasi kijiweni. Kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya rais asiyeweza kufanya kazi. Palmer alikuwa anaweza. Alikuwa macho, anahoji, anatoa amri, anakataa. Walichokuwa nacho mawaziri ni kwamba hawakupenda alichoamua.

Angalieni sheria ilizaliwa na nini. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi, akalala kitandani siku 79 mpaka alipofariki, na muda wote huo hakuna aliyejua nani mwenye haki ya kutia saini. Tarehe 2 Oktoba 1919 Rais Woodrow Wilson alipata kiharusi kikali. Muhula wake ulikwisha Machi 1921, na katika kipindi hicho mke wake Edith ndiye aliyekuwa anaamua nani amwone na karatasi ipi imfikie mgonjwa. Makamu, Thomas Marshall, aliogopa kusogea asije akaonekana mnyang'anyi. Halafu Novemba 22, 1963 John Kennedy akauawa. Lyndon Johnson akaapishwa, na kwa kuwa katiba haikuwa na njia ya kujaza nafasi ya makamu katikati ya muhula, nchi ikakaa bila makamu hadi Januari 1965, wakati dunia inaishi chini ya makombora ya nyuklia. Seneta Birch Bayh wa Indiana ndiye aliyesukuma marekebisho yale. Mifano waliyokuwa nayo kichwani ni kiharusi, risasi na dawa ya usingizi ya hospitalini.

Ndiyo maana kifungu cha tatu, kile cha rais kukabidhi mwenyewe kwa hiari, kimetumika mara kadhaa bila kelele. George W. Bush alimkabidhi Dick Cheney tarehe 29 Juni 2002 akaenda kufanyiwa uchunguzi wa utumbo, akarudia tena Julai 2007. Joe Biden alimkabidhi Kamala Harris tarehe 19 Novemba 2021, kama saa moja na nusu hivi, kwa uchunguzi wa aina hiyohiyo. Lakini kifungu cha nne, hiki cha Prescott, hakijawahi kutumika hata mara moja.

Kimekaribiwa. Machi 30, 1981 Ronald Reagan alipigwa risasi Washington akakimbizwa chumba cha upasuaji. Makamu George Bush, yule mzee, alikuwa angani akirudi kutoka Texas. Wanasheria wa Ikulu waliandaa barua zote, ya hiari na ya kulazimisha, zikabaki bila saini. Katika mkanganyiko ule Waziri wa Mambo ya Nje, Alexander Haig, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema yeye ndiye anayeshikilia mambo Ikulu, wakati kwa mpangilio wa kurithi madaraka hakuwa hata wa pili. Ukitaka hofu ya kweli inayolingana na ile ya kwenye tamthilia, itafute katika mchana ule.

Mara nyingine ni Januari 2021, na hii inagusa swali lako moja kwa moja. Baada ya waandamanaji kuvamia jengo la Kongresi tarehe 6, Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio tarehe 12 la kumtaka Makamu Mike Pence atumie kifungu cha nne dhidi ya Donald Trump. Pence aliwajibu siku hiyohiyo kwa barua, akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kifungu kile hakikuwekwa kuwa adhabu. Baraza likashika njia nyingine, ya kumshtaki. Mnaweza kumpenda au kumchukia yeyote kati ya hao, lakini oneni njia zilivyotofautiana: asiyeweza kazi ana njia yake, na anayetuhumiwa kukosea ana njia yake.

Sasa rudini kwenye kile kikao cha saa kumi. Palmer anatuhumiwa nini? Kwamba alimzuilia mwandishi wa habari asitoe taarifa ya bomu. Kwamba aliamuru Roger Stanton, mkubwa katika usalama wa taifa, ahojiwe kwa kupigwa shoti za umeme. Hayo ni mazito. La Stanton mimi linaniuma kuliko yote, kwa sababu tamthilia ile ina tabia ya kuonyesha mateso kama funguo inayofungua kila mdomo. Ingekuwa hapa, Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, na maungamo yaliyopatikana kwa njia hiyo hayana thamani mahakamani. Lakini hata tukubali kila tuhuma, zote ni za kumshtaki rais bungeni. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba akili au mwili wake umeshindwa kazi. Prescott alichukua mashtaka ya njia ya pili akayapitisha kwenye mlango wa njia ya kwanza, kwa sababu mlango ule ni wa haraka na hautaki kura za wabunge siku ile ile.

Ninyi mnakifahamu kitu hiki hata bila Marekani. Msimu wa korosho, bei ikishuka mnadani, wanachama wa chama cha msingi wanamkasirikia mwenyekiti. Wana haki ya kuitisha mkutano mkuu, kumhoji na kumwondoa kwa utaratibu. Ila wajumbe watano wakikutana usiku nyumbani kwa mmoja wao, wakaandika muhtasari kwamba mwenyekiti ni mgonjwa wa akili kwa sababu hakukubali kuuza, hakuna mkulima wa Newala au Tandahimba ambaye hataona kilichofanyika.

Tuje nyumbani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 37(2), ndiyo iliyo karibu zaidi na kifungu kile. Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili, linaweza kuwasilisha azimio kwa Jaji Mkuu, likimwomba athibitishe hivyo. Jaji Mkuu haangalii kura za mawaziri akapiga mhuri. Anateua bodi ya wataalamu wa tiba wasiopungua watatu. Bodi inachunguza, inamshauri. Baada ya kuzingatia ushahidi wa kidaktari, Jaji Mkuu anaweza kumpelekea Spika taarifa kuthibitisha kwamba Rais hawezi kumudu kazi. Tena hapo zinahesabiwa siku 7. Rais akipata nafuu na kurejea kazini, taarifa inabatilishwa. Zikipita bila kubatilishwa, kiti kinahesabiwa kuwa wazi, na Makamu wa Rais anaapishwa kumalizia muda uliobaki, kwa mujibu wa ibara ya 37(5).

Linganisheni sasa. Wamarekani hawakutaja daktari hata mara moja katika kifungu chao. Wameweka wanasiasa tupu, mawaziri kisha wabunge. Sisi tumeweka daktari na jaji katikati, kabla habari haijafika kwa Spika. Na neno lililotumika kwetu ni maradhi, kwa hiyo azimio linalosema "Rais anasita kupiga adui" lingekwama mezani kwa Jaji Mkuu siku ya kwanza. Angewauliza: ugonjwa uko wapi?

Mawaziri wakiwa na tuhuma, au tuseme wabunge, njia ni ibara ya 46A. Hiyo ni ndefu. Taarifa ya maandishi iliyosainiwa na wabunge wasiopungua asilimia 20 inapelekwa kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Bunge likiridhia kwa theluthi mbili ya wabunge wote, inaundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu wa Zanzibar naye ni mjumbe. Kamati inapewa hadi siku 90. Rais ana haki ya kujitetea. Mwishoni theluthi mbili tena. Mkijumlisha siku hizo mtaona haiwezekani kuziingiza katika kipindi kimoja cha televisheni.

Njia ya madaktari haijawahi kutumika hapa nchini. Iliyotumika ni ile ya kifo: Rais John Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, Makamu wake Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19, na mwisho wa mwezi huohuo Bunge likamthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu. Mlikuwa mnafuatilia ninyi wenyewe, mnakumbuka jinsi mpangilio ulivyokuwa umeandikwa tayari na watu wakaufuata ulivyo.

Nisiwape picha kwamba daktari akiwepo basi mambo ni salama. Tunisia walikuwa na daktari. Usiku wa kuamkia Novemba 7, 1987, Waziri Mkuu Zine El Abidine Ben Ali, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu katika nafasi hiyo, aliwakusanya madaktari saba wakatia saini hati kwamba Rais Habib Bourguiba, mzee wa miaka 84, hawezi tena kuongoza. Asubuhi wananchi wakasikia redioni kwamba wana rais mpya. Kwa maandishi kila kitu kilifuata ibara ya 57 ya katiba yao. Ben Ali akakaa madarakani hadi Januari 14, 2011, alipokimbia nchi. Bourguiba kweli alikuwa amechoka, wengi walilijua hilo. Lakini madaktari kuitwa usiku, na aliyewaita akawa ndiye anayerithi kiti, kunawafanya watu wajiulize mpaka leo. Kwetu anayeteua bodi ni Jaji Mkuu, na anayeapishwa kumalizia muda ni Makamu wa Rais. Tofauti hiyo mimi naiona kubwa kuliko idadi ya madaktari.

Na kama mnataka usiku wa mawaziri ulio karibu na hapa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, Aprili 2012. Rais Bingu wa Mutharika alipata mshtuko wa moyo tarehe 5 akafariki. Mwili ukasafirishwa Afrika Kusini na kifo hakikutangazwa rasmi mpaka tarehe 7. Katiba ilisema wazi kwamba anayefuata ni Makamu, Joyce Banda. Lakini Banda alikuwa ameshatofautiana na Mutharika na kuanzisha chama chake, na usiku wa tarehe 6 mawaziri sita wakajitokeza mbele ya waandishi kudai kwamba kwa sababu hiyo hawezi kushika nafasi. Nchi nzima ikabaki macho. Banda aliwasiliana na mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, na jeshi likasimama na katiba. Askari wakapelekwa kulinda nyumba yake. Tarehe 7 akaapishwa. Hakukuwa na saa inayolia kwenye skrini, na bado waliokuwa Lilongwe usiku ule walipitia kila kitu mlichokipitia ninyi pale kijiweni, kwa uzito wa kweli.

Limebaki lile la wenzako walioshangilia, na siwezi kulipita juujuu. Sisi wa Mtwara hatuangalii tamthilia za ugaidi kama mtu wa mbali. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, wakaua na kuchoma. Machi 24, 2021 Palma ikashambuliwa, na watu wakakimbilia upande wetu. Mtu aliyeona hayo akisema "kusita kunaua" anasema kitu alichokiona kwa macho yake. Sitaki mumwambie kwamba ameathirika na muvi.

Ila muulizeni hivi: nani alimzuia Palmer kujilinda? Hakuna. Na kwetu hakuna sheria inayomfunga Rais mikono. Ibara ya 44 inampa mamlaka ya kutangaza hali ya vita yeye mwenyewe. Kinachofuata ni kwamba nakala inapelekwa kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kulitafakari tangazo hilo na kuamua kuliunga mkono au la. Ulinzi haungoji, ila sababu ya vita inakuja kuhojiwa hadharani. Palmer naye hakukataa kupiga. Alikataa kupiga nchi tatu kwa sauti ambayo ofisa wake wa uwanjani anasema imetengenezwa. Waliochoma Kitaya walikuwa kundi lenye silaha. Mngefurahi kama siku ile mtu angeleta kaseti yenye sauti zisizojulikana, tukapiga mabomu vijiji vya wavuvi ng'ambo, ambako kuna shemeji zetu na wajomba zetu Wamakonde?

Suala la sauti lina utaratibu wake pia, na ni kazi tunayoifanya kila siku mahakamani. Mtu analeta simu yenye sauti ya kutishiwa au ya kuombwa rushwa. Hatuanzi kwa kuisikiliza. Tunaanza kwa kuuliza nani alirekodi, kwa kifaa gani, faili lilihamishwa lini na kwa njia gani, simu ilichukuliwa na askari yupi, iliandikiwa hati ya kukamata mali au haikuandikiwa, ilifungwa kwenye bahasha na nani, na nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Nimeona sauti iliyosikika safi kabisa ikakataliwa kwa sababu kati ya siku iliyorekodiwa na siku iliyofika kituoni ilipitia simu tatu na hakuna aliyeweza kueleza ya pili ilikuwa ya nani. Kesi ile ilikuwa ya ng'ombe. Palmer anaombwa kwa ushahidi wa aina hiyo aanzishe vita, na kosa analohukumiwa nalo ni kusema subirini kidogo.

Pengine utauliza kwa nini asiwafukuze kazi mawaziri kabla hawajapiga kura. Mawaziri angeweza, anawateua yeye. Makamu hawezi, kwa sababu amechaguliwa na wananchi pamoja naye. Ndiyo maana hila zote za namna hii, kwenye tamthilia na nje yake, zinafanywa kimya na usiku: mawaziri wanajua kwamba wakichelewa hadi asubuhi huenda wasiwe mawaziri tena.

Kuhusu neno lako "mapinduzi", kwa kikao chenyewe nisingelitumia. Makamu alikuwa na haki ya kuwaita na wao walikuwa na haki ya kupiga kura. Kwa sababu waliyoitoa, walikitumia kifungu kwa kazi isiyokuwa yake. Na kwa kumweka rais chini ya ulinzi, hapo ndipo walipotoka nje ya sheria moja kwa moja. Kama ningekuwa wakili wa Palmer alfajiri ile, nisingepoteza dakika kubishana na Prescott. Ningetafuta kalamu, karatasi na mtu wa kuaminika wa kuzifikisha barua mbili, moja kwa Spika na moja Seneti.

Mkiendelea na zile saa tatu, tazameni jambo hilo hasa: nani anaandika, anamwandikia nani, na nani anashika simu ya Palmer. Nakala ya Katiba ya Kiswahili itafuteni, ibara ya 37 na ya 46A zinasomeka bila wakili. Mkikwama kwenye ibara ndogo ya tatu ya 37, ambayo ina mpangilio wa nani anakaimu Rais akiwa hayupo nchini, niandikieni tena.